Milioni Moja na Tatu Haigawanyiki

Kitete, Tabora.
14 Julai 2024

Mpendwa Dada Apolinaria,

Shikamoo. Habari za Lusaka, na mgongo wako unaendeleaje? Sisi ni wazima, ila baridi ya asubuhi inatusumbua kidogo.

Dada, mwanao Paskazia anakwenda Dodoma! Ameshinda, na safari hii si kwa mdomo wa mjomba wake.

Kwenye mashindano ya hisabati waliulizwa namba tasa iliyo ndogo kuliko zote zenye tarakimu saba. Akaandika 1,000,003. Karatasi ya majibu ikasema 1,000,033. Alama mbili zikapotea, akawa wa pili, na anayekwenda fainali za taifa Dodoma ni wa kwanza tu.

Unanijua. Nilimwandikia msahihishaji mkuu, Mwalimu Masele, kurasa sita za moto. Akajibu kwa mstari mmoja: nilete hesabu, si hasira, na siku ya zawadi ukumbini nisifungue mdomo. Binti akaninyang'anya kalamu. “Mjomba, ukali wako haugawanyi namba.”

Akanieleza. Milioni moja ni shufwa, na milioni moja na mbili vilevile. Milioni moja na moja ni 101 mara 9,901. Sasa, kama 1,000,003 ingekuwa zao la namba mbili, moja ingekuwa chini ya elfu, kwa sababu 1,001 mara 1,001 tayari inazidi. Kwa hiyo unaijaribu kwa namba tasa zilizo chini ya elfu tu. Ziko 168. Tuligawanya siku mbili, namba moja baada ya nyingine, tukiandika daftarini, na kila mara kikabaki kitu.

Jirani yetu Asmahani, yule Mzaramo mtani wetu, alitukuta uani. “Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe mpaka Bagamoyo, leo kinamba kimoja kinawalemea?” Kisha akakaa kutusaidia.

Jana ukumbini Masele alikataa hata kufungua daftari. Eti muda umepita. Mimi nikauma meno. Asmahani akasimama: “Mtani wangu Masele! Usipomsikiliza mtoto huyu, siku ukifa nalala kaburini mwako, hawakuziki mpaka ukubali!” Ningesema mimi, wangeita polisi. Lakini mtani hakasirikiwi. Ukumbi ukacheka, Masele naye akacheka, akampa binti chaki.

“Haya, 613.”

Akagawanya ubaoni. “Inaingia mara 1,631, inabaki 200.”

“Na 997?”

“Mara 1,003, inabaki 12.”

Masele akapitia daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaichukua karatasi yake ya majibu, akakata 1,000,033 na kuandika 1,000,003 kwa mkono wake. Alama mbili zikarudi, binti akawa wa kwanza. Vigelegele!

Dada, nimebishana na watu kwa kalamu miaka thelathini, na sijawahi kumwona hata mmoja akifuta jibu lake mwenyewe. Binti yako amelifanikisha hilo kwa chaki, bila kumtukana mtu.

Anapanda treni Jumatano. Msalimie shemeji Revocatus, na Limbu mwambie dada yake sasa ni mtu mkubwa. Mungu akunyooshe mgongo, akuweke uje umpokee mwanao akiwa na cheti mkononi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye leo sina wa kugombana naye,

Xavery