Mnavu wa Kando ya Kijito

Ekerenyo, Nyamira
14 Mei 2024

Kwa kaka yangu mkubwa, Mwalimu Cleophas Nyasani,

Kwa heshima inayokustahili kama mzaliwa wa kwanza wa baba yetu, nakusalimu wewe pamoja na shemeji na wote wa nyumba yako huko Nakuru. Ni matumaini yangu kwamba kifua hakikusumbui tena na kwamba ile dawa ya hospitali uliimaliza yote. Sisi huku, kwa afya ya mwili, hatujambo. Mvua imenyesha ya kutosha, majani ya chai yanachumwa kila juma, na migomba imesimama vizuri.

Nakuandikia kwa mkono wangu, wala sikupigi simu, kwa sababu utakayoifahamu kabla hujafika mwisho. Nakuomba usome ukiwa umeketi.

Kama ulivyoarifiwa, mazungumzo ya mahari kati yetu na Mzee Mokua yalikamilika. Binti yangu Gesare na Ian, mwana wa Mzee Mokua, wakaona vema wazazi tule pamoja, kwa shangwe, katika mkahawa wa mama mmoja aitwaye Tryphosa pale mjini Kisii. Mkahawa huo haupiki ila kilichovunwa juma hilo katika vilima vyetu. Ukutani pana ubao ambapo mwenye mkahawa huandika kwa chaki chakula cha siku na shamba kilikotoka. Orpah, mke wangu, humpelekea mboga.

Tulifika Jumapili saa kumi na moja jioni. Ian aliketi meza ya pili akitupa mgongo, kwa kuwa haifai mkwe atafune mbele ya mama mkwe wake, na Gesare akamcheka kwamba atazeeka akiutazama ukuta. Zililetwa ndizi za kuchemsha, chinsaga, yaani mgagani, iliyolazwa katika maziwa, mnavu, na ugali wa wimbi ndani ya kikapu kimoja kwa ajili ya wazazi. Mzee Mokua alikuwa mchangamfu. Alinitania kwamba mwandishi wa barua za watu kwa chifu bila shaka angetaka hata ugali upigwe muhuri kwanza.

Ndipo Tryphosa alipokuja kutukaribisha. Kwa nia njema kabisa alimwambia Mzee Mokua asiuonee haya ule mnavu, maana ni wa nyumbani kwa mkwe wake, kutoka kipande cha kando ya kijito. Orpah, kwa fahari, akaongeza kwamba udongo wa pale hauhitaji mbolea ya dukani. Nilitazama ubaoni nikaona jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa.

Mzee Mokua alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kikapuni. Akauliza polepole, bila kumtazama mtu, ni upande gani wa kijito. Tryphosa, ambaye hakujua lolote, akamtania kwamba wazee wa siku hizi wanachagua mboga kama watoto. Gesare alinitazama mimi, kisha akamtazama Mzee Mokua.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa mbili. Nilisimama, nikasoma mstari wa kwanza, na wa pili sikuuona. Nikamwomba Mzee Mokua tutoke nje barazani.

Kaka, sasa nafika kwenye kiini cha barua hii.

Unakumbuka kesi yetu ya mpaka na Mokua, mwaka ule uliporudi likizo kutoka shuleni ulikofundisha. Wazee waliamua kwamba mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu aape. Uliniuliza mpaka uko wapi, nikakuonyesha ile safu ya miti kando ya kijito. Ukashuka pale mbele ya watu wote, ukachukua udongo, ukautia mdomoni na kuumeza, ukisema kwamba ni wa baba yetu.

Haukuwa wa baba yetu. Miti ile niliihamisha mimi, hatua saba ndani ya shamba la Mokua, wakati alipokuwa kazini Kericho na baba yake amelazwa hospitalini. Aliporudi ilikuwa imeshika mizizi. Wewe uliapa uongo bila kujua, na aliyekutuma ni mimi, mdogo wako.

Hayo yote nilimwambia Mzee Mokua. Nilidhani angenipiga. Alinijibu kwamba hatua saba hazikumnyima usingizi. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba aliacha kesi kwa sababu aliyeapa ni Mwalimu Cleophas, na Mwalimu hakuwahi kumdanganya mtu. Akasema hatakula nami chakula cha arusi mpaka wewe ujulishwe kwa maandishi yenye sahihi yangu, na mpaka usimame tena katika kipande kile na kuyaondoa maneno yako mbele ya watu. Ukikataa, hatakulazimisha, ila mahari itarudi na arusi haitakuwapo. Tulirudi mezani. Hakuna aliyekigusa tena kikapu.

Orpah anajua, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Gesare hajui. Ndiye aliyekuletea barua hii, na sasa ameketi hapo mbele yako akingoja jibu la kumpelekea Mzee Mokua. Nimemwambia tu kwamba ni habari za arusi. Nakusihi umsomee yote, neno kwa neno, kwa kuwa mimi nilijaribu mara tatu nikashindwa. Kisha umwambie kama utakuja au hutakuja.

Mfikishie shemeji salamu zetu, nao watoto wako wote kwa majina yao. Mungu akupe pumzi ya kutosha kifuani.

Nimetia sahihi kwa mkono wangu, bila kushurutishwa,

Mdogo wako,
Manasseh Nyasani