Shati la Kijivu Stooni

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe na cherehani yako? Mimi mzima kama chuma, na ningekuwa mzima zaidi kama si kaka yako.

Kwanza ujue kuwa mwanao ndiye mpulizaji dawa namba moja katika shamba hili la nyanya. Waliosema nikiacha shule sitafika popote waje wanione: bomba mgongoni, mkono wa kushoto unapiga mpini, wa kulia umeshika fimbo ya kupulizia, upepo nauweka ubavuni ili dawa iende kwenye majani, si usoni. Wananiita Mhandisi. Jina nimejipa mwenyewe, lakini wanalitumia.

Sasa mjomba, msimamizi wetu, kayatupa mabomba ya zamani, mazito lakini makavu, akanunua mapya ya bei ya bure. Mikanda myembamba kama kamba za viatu, na mpira wa kifuniko haukai sawa kwenye mdomo wa tangi. Ukiinama, dawa inakushuka hadi kiunoni. Nikamwambia, "Mjomba, linavuja." Akanijibu, "Hilo jasho." Mama, jasho gani linanuka dawa ya viwavi?

Mwambie kaka yako. Hilo bomba silivai tena.

Mwanao, Mhandisi

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, namshukuru Mungu.

Nimesoma barua yako nikaona mdomo haujapungua hata kidogo. Kaka yangu alikuombea kazi hiyo wakati kila mtu kakuchoka, na mimi nikiwemo. Nimwambie nini? Kwamba mpwa wake aliyeshindwa kukaa darasani anamfundisha kuchagua mabomba? Usinivunjie undugu. Vaa bomba, fumba mdomo.

Mgongo unakuwasha wapi?

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Natumaini u mzima. Mimi nalala kifudifudi, na hilo ndilo jibu la swali lako.

Humu kwenye kifurushi kuna shati ulilonishonea, nimelifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Usilishike kwa mkono mtupu wala usilifue na nguo nyingine. Litazame tu. Wewe fundi, kitambaa kitakueleza kuliko mimi.

Sasa kaa chini usome. Jumamosi asubuhi, wapulizaji wote tumesimama mbele ya stoo, mjomba akatangaza kuwa mabomba hayana kasoro, kasoro ni uvivu wetu. Nikachukua langu, nilishaliosha hadi harufu ikaisha, nikalijaza maji ya mfereji mbele ya macho yake. "Mjomba, maji matupu haya. Livae, upite mstari mmoja tu wa nyanya."

Alikuwa na shati lake la pasi. Akalitazama bomba. Akarudi nyuma hatua moja.

Mama, hatua ile! Kila mtu aliiona. Mpulizaji mkongwe tunayemwita Babu akatua bomba lake chini. Halafu mwingine. Halafu wote.

Mimi nimefukuzwa, ila siondoki. Nalala kwa wenzangu, asubuhi nakaa langoni. Viwavi wanakula nyanya, mjomba anakula kucha. Ukitaka kunikana, nikane. Silivai.

Mwanao, bado Mhandisi

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Hata tusi moja? Nimeyazoea, nikiyakosa chakula hakipiti.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nashona.

Shati lako nimelifungua uani kwa kijiti. Kitambaa cha mgongoni kimelika, kuanzia kola hadi pindo. Kwapani pazima kabisa. Miaka yote hii narekebisha mashati ya wanaume, na jasho huanza kuozesha kwapa. Kaka yangu kanidanganya, na mimi nikakwambia uvae.

Nimemshonea shati la kijivu kwa kipimo chake. Kijivu hakifichi maji. Nimemwandikia: jaza maji, vaa shati, vaa bomba, zunguka shamba lako. Ukirudi mkavu, nitakuja mwenyewe kukuomba radhi kwa ajili ya mwanangu. Ukirudi umelowa, mlango wangu usiubishe mpaka mabomba yabadilike.

Wewe nenda zahanati wakautazame huo mgongo. Kisha urudi hapo hapo langoni. Nikikuona nyumbani kabla hujashinda, utanitambua.

Mama yako

27 Aprili

Mama yangu wewe,

Shikamoo mara mia. Mgongo unapona, nalala chali kama bwana.

Mjomba hakulivaa shati. Alikaa nalo ofisini siku kadhaa, halafu likaja gari na mabomba mengine: mikanda mipana, vifuniko vinavyokaza. Akanituma mtu langoni, "Mwambie huyo Mhandisi aje kuyajaribu." Nikamjibu mjumbe kwamba Mhandisi haitwi, anafuatwa. Mjomba akaja mwenyewe, kwa miguu.

Shati lako la kijivu sasa linaning'inia kwenye msumari wa stoo. Hakuna bomba linalotiwa dawa kabla mtu hajalivaa shati hilo, akalijaza bomba maji na kutembea nalo mgongoni. Leo moja liliacha doa begani. Babu akalirudisha kwenye gari, hakuomba ruhusa ya mtu.

Jioni mjomba akaingia, akalipapasa shati mgongoni kwa kiganja. Kavu. Akasema bila kunitazama, "Mwandikie mama yako kwamba mabomba yamebadilika."

Nikamwambia, "Mwandikie mwenyewe, mjomba. Ni dada yako."

Kalamu nimempa. Naona bado anaitafuna.

Mwanao, Mhandisi