Jina la Nyagaka chini ya dawa

Moureen, uko? Mwalimu Nyagaka amechanganyikiwa kabisa leo.

Unakumbuka aliandika kwa ile ensaiklopidia ya bure ya mtandao kuhusu kile kichaka cha huku Roret? Aliandika wazee huchemsha majani yake kutibu kikohozi, LAKINI mtoto mdogo asipewe, ni sumu kwake.

Asubuhi amepita kwa jirani yake Chepchumba, akapata sufuria inachemka na mtoto anakohoa mgongoni.

"Unapika nini?"

"Si ni ile dawa yako, mwalimu!"

Ati dawa yake! Akaonyeshwa simu. Tovuti ya kuuza mitishamba imekopi maneno yake yote, ikakata onyo, ikaacha jina lake pale chini. Jina lake, Moureen!

Akamwaga hiyo sufuria. Mtoto alikuwa hajaonja, asante Mungu.

Akapigia wenye tovuti. Wakamwambia, "Leseni ya hiyo ensaiklopidia inaturuhusu kukopi na kukata, bora tutaje mwandishi." Na ni ukweli, alikubali hayo akiandika.

Chepchumba akamuuliza, "Mimi umenifikia. Na wale wenye hawaishi karibu na wewe?"

 Saa hii anapigia kila mtu anajua, kutoka Ndanai mpaka Soin, awaonye wasiwape watoto.