Usimpe Khubaib Uwakala

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Mpendwa kaka yangu Abdulghafur,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nashika miguu yako kutoka mbali. U hali gani, na sukari yako je? Wifi Shamsa alisema umeacha halua kwa amri ya daktari, nami nikasema nitaamini siku nitakayoona kwa macho yangu. Watoto hawajambo? Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Moyo ndio hautulii, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Ningekupigia simu, lakini najijua. Nikianza kulia utaniambia nikapumzike, kisha utakata. Na lile kundi la ukoo kwenye simu ndilo kabisa, hakuna siri inayolala humo. Barua hii anakuletea jirani yetu anayerudi Maskati kesho, na nimemsihi akukabidhi mkononi mwako.

Kaka, ni habari ya Fadhiya, mtoto wa marehemu ndugu yetu Jaffar. Mwezi wa Juni alidhulumiwa. Kijana wa familia tunayoheshimiana nayo alimwingilia kwa nguvu. Jina lake sitaliandika. Tulikuficha kwa sababu Mwanabaraka, mamake Fadhiya, aliapa kwamba ukijua utapanda ndege siku hiyo hiyo, nawe daktari alishakukataza mishtuko. Kijana ameshtakiwa, yuko nje kwa dhamana, na mwezi ujao Fadhiya atasimama mahakamani kutoa ushahidi.

Hukuwahi kuniuliza kikundi chetu cha akina mama kinafanya nini, ulidhani tunapika sambusa. Tunawasaidia wasichana waliodhulumiwa kama Fadhiya. Tumeungana na akina mama wa kanisa moja la huko Makupa, na wanasheria wanaosaidia bila malipo, na wauguzi wa hospitali. Kiongozi wa wale wa Makupa ni Rosebella, mtu wa bara, karani wa reli. Mwanzoni tuligombana sana, kila kikundi kikitaka kuwa mbele. Kisha tukaona shida yetu ni moja: msichana wa Kibokoni akionekana anatoka na mimi, kabla ya Adhuhuri mtaa mzima umeshajua. Na kwao ni vivyo hivyo. Basi tukabadilishana. Wetu hupokewa na Rosebella, wao hupokewa na sisi. Mwenye duka moja la leso huko Biashara Street ametuazima chumba cha juu, maana mwanamke kuingia duka la leso hakumshtui mtu.

Siku ile nilimpigia Rosebella, naye akamfikisha Fadhiya hospitali kabla hajaogeshwa. Maji yalikuwa yashachemka, Mwanabaraka ameshayatia mawaridi. Ushahidi wa daktari umepatikana kwa sababu hiyo.

Kosa tulilifanya baadaye, hapo hapo dukani. Kila Fadhiya alipotoka kuonana na mshauri wake, tulimpa leso abebe kwapani ili asitiliwe shaka. Rosebella namsamehe, yeye si wa hapa. Lakini sisi tuliozaliwa Mji wa Kale tulikuwa na akili gani? Msichana arudiye na leso mpya kila wiki ana nini kama si harusi? Mtaa ukaanza kumpa hongera. Mwanamke mmoja alimpigia vigelegele kutoka dirishani, na mtoto akaingia ndani asitoke tena wiki nzima.

Uvumi ukawafikia wazee wa yule kijana, nao wakauona mlango. Wameleta posa, kaka. Posa ya yule yule. Wanasema atamstiri, kesi ife, na watu hawatashangaa kwa kuwa harusi inangojwa. Khubaib, mjomba wake, amekubali, tena kwa furaha. "Funika kombe mwanaharamu apite," aliniambia. "Mtoto yuwapata stara, nasi twapata usingizi."

Nikamjibu, "Huyu hapiti, Khubaib. Wamtandikia kitanda ndani." Hajanisemesha tangu hapo. Nasikia anasema nimewafungulia watu wa kanisa aibu zetu. Lakini siku ile sisi jamaa tulikuwa tukibishana nani aambiwe na nani asiambiwe, na huyo mtu wa kanisa ndiye aliyekuwa amemshika mtoto mkono.

Mwanabaraka ndiye ninayemhofia zaidi. Asubuhi yuko nami, jioni yuko na kakake. Ana mtoto huyo mmoja tu na amechoka kupita njiani ameinamisha kichwa. Simlaumu, ila naogopa. Mwanasheria ametuambia wazi kwamba Fadhiya asiposimama kusema, kesi haitafika popote.

Juzi Fadhiya alikubali kwenda nami kupunga upepo baharini, kule Mama Ngina. Alikula mihogo, akalalamika kwamba achari imetiwa maji. Nilifurahi mno kumsikia akilalamika.

Sasa sikiliza, kaka. Mjomba hana uwalii wa ndoa. Jaffar hakuacha mtoto wa kiume, na baba yetu hatunaye. Walii ni wewe peke yako. Ijumaa baada ya swala Khubaib atakupigia akuombe uwakala wa kumuozesha. Atasema vizuri, waujua ulimi wake. Atataja heshima ya ukoo na jina la Jaffar. Nakuomba usimpe. Simu yoyote ikilia humu ndani nadhani umeshakubali.

Jana nilimweleza Fadhiya yanayopangwa, maana hakuna aliyekuwa amemwambia. Hakulia. Aliniuliza, "Shangazi, ami Abdulghafur ataniuliza kwanza, ama nami n'tasikia kwa watu?"

Posa hii imezungumzwa na wazee wa kule, na Khubaib, na Mwanabaraka, na hata mimi na kelele zangu. Mwenyewe hajaulizwa na yeyote. Kabla ya Ijumaa, mpigie yeye. Muulize anataka nini, kisha unyamaze mpaka amalize, hata akikawia. Nambari yake nimeiandika nyuma ya bahasha.

Nisalimie Wifi Shamsa na watoto wote, na umwambie bizari aliyoagiza nimeitia pamoja na barua. Mwanabaraka anakusalimu, ingawa hajui nimeandika nini. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya, na akutie nguvu katika neno utakalolisema. Fadhiya sikumwambia kwamba nakuandikia, kwa hivyo salamu zake sina. Utazipokea kwake mwenyewe.

Ni mimi dadako, nikupendaye na ninayengoja,

Khairiya