Usipulizie Ndago ya Shamba la Bondeni

Morogoro, kwa dada yako

Mwanangu Shija,

Mwangaluka. Natumaini hapo Lalago mmeamka vizuri, wewe, mkeo na wajukuu zangu, na ng'ombe hawajambo. Mimi mzima, ila kiti hakinikubali. Dada yako amejifungua salama mtoto wa kiume, mabega ya kwetu kabisa. Manesi walisema hawajaona mtoto wa namna hiyo, na mimi sikuwabishia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "ndiyo mama, ndiyo mama", halafu mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Mkeo ameniambia umeazima bomba la dawa, unataka kuua magugu ya ndago ya shamba la bondeni. Tangu hapo situlii. Nafua hata nepi zilizokwisha kufuliwa.

Shija, ile ni pamba ya kilimo hai. Mkaguzi akikuta majani yameungua kwa dawa, tunatolewa kwenye kikundi, tunaanza upya kama watoto wa darasa la kwanza. Na nani hapo hajui pamba ya Mama Shija? Mpaka watu wa kule kijijini Sola huja kuitazama.

Juzi asubuhi nilishindwa kutulia, nikachukua jembe nikachimba ndago iliyoota nyuma ya nyumba hapa. Mama mwenye nyumba akatoka.

"Bibi, umepoteza hereni?"

"Hereni ninazo masikioni. Namtafuta mama yao hawa."

Akacheka, lakini akachuchumaa. Nikamwonyesha: ukivuta jani, uzi unakatika, vinundu vinabaki chini kama shanga, na kila kimoja kinaota. Ukichimba taratibu unatoa mkufu mzima. Dada yako, bibi shamba mwenye cheti (majirani wakumbushe), akasema dirishani, "Na plau ndiyo inavisambaza, mama. Inavikata huku, inavipanda kule."

Hapo nikaweka jembe chini. Unajua mimi si mtu wa kuliweka chini kazi haijaisha.

Msimu uliopita ni mimi niliyetaka plau ipite mara mbili, shamba letu liwe laini kuliko la wenzetu. Wewe ulisema, "Mama, inatosha." Ndago ilikuwa kwenye kona moja tu. Ulitaka kusugua matope ya plau tulipotoka kwenye kona ile, nikakwambia acha, jua linapanda. Halafu ilipoota shamba zima nikakuita mvivu wa palizi, mbele ya mkeo. Si wewe, mwanangu. Ile ndago niliipanda mimi.

Basi bomba lirudishe leo. Palilia kwa jembe la mkono, ng'ombe wasipite tena na plau katikati ya mistari. Palipo wazi panda kunde zinazotambaa, ndago haipendi kivuli. Tukishavuna na jua likakaza, tutaichimba na kuianika mpaka vinundu visinyae.

Nisalimie baba yako, na shangazi yako wa Kimali. Mkeo mwambie alifanya vizuri kukushtaki kwangu.

Arobaini ya mtoto ikiisha napanda basi. Niwekee jembe langu la mpini mfupi, usimwazime mtu. Kona ile naanza nayo mimi.

Mama yako anayekupenda,
Mama Shija