Bare Muuza Maji Amechaguliwa, Mimi Nimeachwa

Garissa, Alhamisi, mwezi wa tatu, 1997. Joto limewashinda hata korongo wa jalalani, wamekwenda mtoni kusimama na miguu ndani ya maji.

Mji huu una watu wakubwa wawili: mkuu wa wilaya na mimi. Mkuu wa wilaya huhamishwa. Mimi niko.

Naandika kwa Kiswahili, kwenye daftari la mwanangu lililobakiwa na kurasa, kwa sababu kati yangu na mke wangu Kiswahili cha kusoma ninacho mimi peke yangu. Nilifika darasa la sita. Ningefika mbali zaidi, ila mwalimu alianza kuniogopa.

Leo nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe, likae hapo nilione.

Kwa siku tatu tumekuwa na semina pale ukumbini. Wageni kutoka Nairobi walikuja kufundisha habari ya ubakaji, namna ya kuuzuia na la kufanya ukitokea. Waliitwa wauguzi, walimu, polisi, vijana wa sekondari, na sisi wazee wa maslaha. Maslaha ndiyo baraza letu. Jambo likitokea kati ya koo mbili, tunakaa kivulini, tunaongea siku mbili au tatu, ngamia wanatoka upande huu kwenda upande ule, na mambo yanaisha. Mimi katika maslaha ni kama chumvi kwenye mchuzi. Waulize watu.

Sasa nani kasimama mbele kutufundisha? Deqa. Binti wa marehemu kaka yangu, muuguzi wa juzi tu. Mtoto niliyembeba mgongoni kutoka Habaswein siku mbili kwa miguu, simba akitufuata nyuma. Sawa, tulikuwa juu ya lori la mbuzi. Lakini simba alikuwapo.

Afisa wa polisi mwenye nyota mabegani alikuwa anaandika kila neno linalotoka kinywani mwa mtoto niliyempangusa kamasi. Maneno yangu mimi hajawahi kuyaandika mtu.

Hapo ndipo wivu ulipoanza kunikwaruza.

Na sisemi kwamba alisema vibaya. Alisema msichana akija kwako, mwamini kwanza, maswali baadaye. Asioge wala asibadilishe nguo kabla ya kuonwa na daktari, na afike hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya wazee kumaliza chai. Asiulizwe alivaa nini, wala alifuata nini huko kwenye kuni peke yake. Aliyekosa ni aliyembaka, basi. Wavulana nao wakaambiwa jambo ambalo sisi hatukuambiwa na mtu: msichana kunyamaza si kukubali. Walikuwa wanacheka cheka mwanzoni. Waliacha.

Jana nikaona sasa ni zamu yangu. Nikasimama, nikawapa kisa cha maslaha ya kule Eldas. Msichana alikuwa ameshikwa njiani kutoka kisimani, koo mbili zikakutana na bunduki, mimi nikakohoa mara moja tu, bunduki zote zikashuka. Ngamia kumi na wawili wakatolewa na hakuna aliyekufa. Nikangoja makofi.

Deqa akaniuliza kwa adabu, "Adeer, na msichana mwenyewe alisema nini?"

Adeer ni baba mdogo. Alitumia neno la heshima, lakini lilinichoma.

Nikamwambia hakuwapo. Wasichana hawaji kwenye maslaha.

"Aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Mimi ninayeweza kutaja mababu zangu ishirini bila kuvuta pumzi, jina moja lilinishinda. Nakumbuka rangi ya kila ngamia kati ya wale kumi na wawili. Nakumbuka yule dume mwenye sikio lililopasuka. Msichana sikuuliza jina lake, na kwa kweli hata sura yake sikuiona. Baadaye nilisikia ameozwa mbali, huko Mandera. Nilisikia tu.

Nikakaa chini nikasema koo limenikauka.

Leo asubuhi lilikuja zoezi. Watu wawili wawili, mmoja aeleze siku aliyoumizwa na mtu, mwenzake asikilize dakika tatu bila kusema neno. Si ushauri, si "pole", si "hata mimi yalinipata". Nikapangwa na Bare.

Bare ni muuza maji. Ana mkokoteni, punda, na madumu yanayovuja. Hajui hata kuandika jina lake. Walimwalika kwa sababu anaingia kila ua wa mji huu, na akina mama wamemzoea. Tangu mwanzo niliona amealikwa kwa makosa.

Akaanza. Zamani huko Bura, alipokuwa kijana wa kuchunga, tajiri mmoja alimfunga kamba kwenye mti kwa ajili ya mbuzi aliyepotea. Hapo nikakumbuka mbuzi wangu aliyepotea, nikamweleza, na namna nilivyomfuata mpaka mpakani, nikamgombania na fisi wawili. Kumbe Deqa amesimama nyuma yangu na saa mkononi.

"Sekunde arobaini, Adeer."

Vijana walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Kisha ikawa zamu ya Bare kusikiliza. Alinitazama tu. Hakutikisa kichwa, hakusafisha koo, hakutazama mlango. Ni vibaya sana kutazamwa hivyo. Nilijikuta namweleza habari ya kaka yangu na mimi, mambo ambayo sijamwambia mtu, na dakika tatu zikaisha nikiwa bado nataka kusema.

Nilimchukia hapo hapo.

Kabla ya kufunga, Bi Grace, mgeni mkuu wa Nairobi, akasema mbali na wauguzi na walimu, vijana wanahitaji mzee mmoja. Yeyote atakayeumizwa, au mama yake, aweze kumwendea huyo kwanza, naye amfikishe hospitalini bila mji kujua. Vijana waandike jina kwa siri, watie ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Nilinyoosha kofia yangu. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kushukuru.

Deqa akafungua karatasi moja moja. Bare. Bare. Hassan, yule mzee aliyelala siku zote tatu, akapata mbili. Bare. Bare tena. Alipofika chini ya kopo akaligeuza, akaligonga, halikutoa kitu kingine.

Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Viganja vinaniuma hadi sasa.

Saa tisa nilikuwa nimekaa nje ya duka la vitambaa, nikimwonyesha mwenye duka kwamba sijali. Akaja mama mmoja ninayemjua vizuri, amemshika binti yake mkono, binti amejifunika shuka uso mzima. Ukoo wao nimewaamulia mashauri mara tatu. Nikasimama.

"Kuna shida gani, mama? Niambie mimi."

"Hakuna shida, mzee. Bare amepita hapa?"

Bare mwenyewe alikuwa anakuja na mkokoteni. Yule mama alimwambia maneno machache, sikuyasikia, na nilijitahidi. Bare hakuuliza kitu. Akanikabidhi kamba.

"Nishikie punda, walaal, ndugu yangu."

Akaondoka kuelekea hospitalini, ametangulia hatua kama thelathini, mtu asijue kwamba wako pamoja. Binti alikuwa anatembea kama mtu anayekanyaga miiba. Nilimtazama, na nitasema kweli, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Nilijiuliza kwa nini hawakuja kwangu.

Huruma ilikuja baadaye, punda akiwa ananipumulia shingoni. Ilipokuja ilikuwa nzito.

Mzee wa heshima zangu, nimeshika punda wa watu sokoni mpaka alasiri ikapita. Vijana wa miraa wakaniuliza, "Mzee, dumu ni ngapi?" Madereva wa malori wakapiga honi. Bare aliporudi nikamrukia kwa maswali, amefanywa nini, na nani, wa ukoo gani, Deqa kasema nini.

"Wamefika," akasema. Akachukua kamba yake. "Ahsante kwa punda."

Basi. Siku nzima ya mambo, na yeye ana neno moja! Ningekuwa mimi, jioni hii Garissa yote ingekuwa inajua. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaisoma, na sikuipenda.

Kesho nitakwenda kwa Deqa. Nitamwuliza kama kwenye kitabu chake cha semina kuna njia ya kumfundisha mtu wa umri wangu kufunga mdomo. Labda atacheka. Acha acheke.

Lakini kuna jambo moja dogo.

Nikiwa na yule punda, mke wangu Habiba alipita na kibuyu cha maziwa. Akaniuliza nafanya nini na punda wa Bare. Niliona haya, nikamwambia vijana wamenichagua, na kwamba hii ni kazi ya kamati. Akaenda zake. Nilipofika nyumbani nikamkuta ametandika mkeka uani na kuchemsha chai ya maziwa ya ngamia, na watoto amewatuma kwa jirani. Tumeoana miaka ishirini na mitatu. Akakaa mbele yangu, akasema, "Kama vijana wenyewe wamekuamini, basi na mimi nina jambo langu la zamani, la kabla hujanioa."

Alisema mpaka chai ikapoa. Aliyosema siyaandiki, hata kwa Kiswahili. Sikusema neno, wallahi, hata moja.

Sijamwambia kwamba sikuchaguliwa.