Ukuta wa Nyuma Tulioupaka Rangi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujanikunjia uso. Mimi na mume wangu, ambaye ni fundi rangi, tunauza nyumba yetu ili tuhamie kwa mama mkwe, maana amepooza upande mmoja na hana mtoto mwingine, na mnunuzi wa kwanza tulimweleza wazi kwamba uwanja ulio nyuma yetu utajengwa kituo cha mabasi, tulitangaziwa kwenye mkutano wa wakazi, akasema atapiga simu, mpaka leo kimya, basi mume wangu akachukua brashi akaifunika ile alama nyekundu ambayo wapima ardhi waliiweka kwenye ukuta wetu wa nyuma kuonyesha mpaka wa kituo, na fundi akiwa na hasira unajua kazi yake, ukuta ukang'aa. Sasa amekuja muuguzi mmoja, mpole, anafanya zamu za usiku na kulala mchana, akakipenda chumba cha nyuma kuliko nyumba nzima, akafungua dirisha akauliza, "Huku nyuma kuna nini?" Mume wangu akajibu, "Majani tu, dada yangu. Pametulia." Mimi nimeshika trei ya chai, nikanyamaza. Ijumaa anakwenda benki kusaini mkopo, mume wangu anasema hatujadanganya kwa sababu leo ni majani kweli, lakini chakula hakinipiti, na nikimfikiria mama mkwe anageuzwa kitandani na jirani, naona bora ninyamaze. Nifanye nini?

Mke wa fundi

Dada yangu, pole. Pole kwa mama mkwe, na pole kwa kusema ukweli mkakimbiwa. Hilo linakatisha tamaa. Wala sikuoni tapeli. Tapeli angekula akashiba.

Ila mumeo asinichekeshe. Yule muuguzi hakuuliza habari za majani, aliuliza kama atalala. Anajifunga mkopo wa miaka kununua usingizi, na ninyi mnajua honi zitalia chini ya dirisha lake akijifunika shuka tu. Siku tingatinga likiingia, majirani mliokaa nao mkutanoni watamweleza yote, na anaweza kuwafikisha mahakamani huku mnauguza.

Mwambie wewe, si dalali, wala si kwa ujumbe wa simu. Muonyeshe alama ilipokuwa, mwelekeze ofisi ya mipango miji akaione ramani kwa macho yake. Akiitaka bado, mpunguzieni bei. Akikataa, msikate tamaa: kituo kinachomkimbiza muuguzi kinamvuta mwenye duka, basi mtafuteni huyo na mkitangaze kituo waziwazi. Mama mkwe mleteni kwenu sasa hivi, hata mkibanana. Mgonjwa hawezi kungoja dalali.

Usingoje mumeo akubali, atanuna, kisha atazoea. Ijumaa alfajiri kasimame kwenye geti la hospitali, umkute yule dada akitoka zamu, amechoka, kabla hajaenda benki.